Kiharusi: kwa nini chembe zinazotuokoa na jeraha zinaweza kuziba njia ya ubongo, na kwa nini usikimbilie aspirini

Tuseme ni asubuhi, uko kazini katika nyumba moja ya Nyarutarama, hapa Kigali. Mama mnayefanya kazi pamoja ameinua ndoo ya maji. Ghafla ndoo inamponyoka. Unamwita, anageuka, na unaona mdomo wake umekwenda upande. Anataka kukujibu lakini maneno yanatoka yamekatika, kama ya mtu mwenye usingizi mzito.

Watu wanakusanyika. Wa kwanza anasema ni uchovu, apumzike kidogo. Wa pili anasema amerogwa, apewe maziwa. Wa tatu anasema ni presha, tumtafutie kidonge cha presha. Wa nne, mwenye nia njema kabisa, tayari ameshakimbia famasi na amerudi na aspirini: "Mpe hizi mbili, zinafanya damu iwe nyepesi."

Makala hii inamhusu zaidi huyo wa nne, kwa sababu amekaribia ukweli kuliko wenzake, na bado anaweza kumuua mgonjwa. Ni kweli kwamba aspirini ni dawa ya kiharusi. Ni kweli pia kwamba ikitolewa nyumbani, kabla ya daktari kujua ni kiharusi cha aina gani, inaweza kuongeza damu inayovuja ndani ya kichwa. Ili uelewe jinsi mambo haya mawili yanavyoweza kuwa kweli kwa pamoja, inabidi tuzungumze kuhusu chembe ndogo sana zilizomo katika damu yako.

Kiharusi ni nini?

Kiharusi, ambacho wengi wetu tuliotoka Kongo na Burundi tunakiita AVC, hutokea sehemu ya ubongo inapokosa damu. Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Hauna ghala la kuweka akiba. Damu ikikatika kwa dakika chache, seli zake zinaanza kufa.

Kuna aina mbili kubwa:

- Kiharusi cha kuziba. Bonge la damu iliyoganda linaziba mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo. Duniani kote hii ndiyo aina inayotokea mara nyingi zaidi.
- Kiharusi cha kuvuja. Mshipa wa damu unapasuka na damu inamwagika ndani ya ubongo au kuuzunguka. Katika nchi zetu za Afrika aina hii ina sehemu kubwa kuliko ilivyo Ulaya, na sababu kubwa ni presha ambayo haijatibiwa.

Kwa macho huwezi kutofautisha aina hizi mbili. Mdomo unakwenda upande katika zote mbili. Mkono unalegea katika zote mbili. Hata daktari mwenye uzoefu wa miaka mingi hawezi kuwa na hakika bila picha ya kichwa inayopigwa kwa mashine ya CT. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Chembe sahani: walinzi wa mishipa ya damu

Damu yako si maji mekundu tu. Ndani yake kuna chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe nyingine ndogo zaidi zinazoitwa chembe sahani, au plakete kwa wale waliosoma kwa Kifaransa. Ukiwahi kupimwa damu hospitalini, angalia karatasi ya majibu: utaona herufi PLT. Hizo ndizo zenyewe.

Ni ndogo mno. Ukizipanga mstari mmoja, kama 400 hivi ndizo zitakazofikisha urefu wa milimita moja. Katika milimita moja ya ujazo wa damu, mtu mzima mwenye afya huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 400,000 hivi. Zinatengenezwa katika uboho wa mifupa, takriban bilioni 100 kila siku, na kila moja huishi siku 7 hadi 10 kisha mwili unaiondoa.

Kazi yake ni ulinzi. Mwaka 1882 daktari Mwitaliano, Giulio Bizzozero, alitazama kwa darubini mishipa ya damu ya mnyama aliye hai na akaona kwamba mahali mshipa ulipojeruhiwa, chembe hizi ndizo zilizokuwa za kwanza kufika na kushikana. Leo tunajua kwamba zinafanya kazi kwa hatua tatu:

1. Zinashika. Ukuta wa ndani wa mshipa wenye afya ni laini na unatoa kemikali zinazozituliza chembe sahani zipite bila kusimama. Ukuta ukichanika, nyuzi zilizofichwa chini yake, zinazoitwa kolajeni, zinakuwa wazi. Chembe sahani zinanata hapo.
2. Zinaamka. Chembe iliyonata inabadilika umbo. Ilikuwa bapa kama kisahani, sasa inatoa mikono mingi. Inamwaga kemikali, mojawapo ikiwa tromboksani, zinazoziita nyingine zilizo karibu.
3. Zinashikana. Zilizoitwa zinafika, zinaunganishwa na protini iliyomo kwenye damu, na zinakuwa kizibo. Kisha nyuzi imara za fibrini zinakizunguka kizibo hicho kama wavu.

Ukijikata kidole kwa kisu ukimenya ndizi, ndani ya dakika chache damu inakoma. Hiyo ni kazi ya chembe sahani. Mama anapojifungua na damu ikapungua, zimo pia. Bila hizo, jeraha dogo lingeweza kutuua. Kwa hiyo usizione kuwa ni adui.

Mlinzi anapomkosea mwenye nyumba

Unayefanya kazi ya ulinzi getini unajua: mlinzi mzuri ni yule anayejua nani wa kumzuia na nani wa kumwacha apite. Shida ya chembe sahani ni kwamba hazijui tofauti kati ya jeraha la kisu na jeraha lililofanywa taratibu, kwa miaka mingi, ndani ya mshipa.

Presha ya juu inaupiga ukuta wa mshipa usiku na mchana. Sukari nyingi kwenye damu inauharibu. Moshi wa sigara unauchoma. Mafuta yanajikusanya ndani ya ukuta huo na kutengeneza uvimbe, hasa katika mishipa mikubwa ya shingo inayopanda kwenda kwenye ubongo. Haya yote yanaweza kuendelea kwa miaka bila mtu kuhisi maumivu yoyote. Halafu siku moja uvimbe unapasuka.

Hakuna damu inayomwagika nje. Lakini kwa chembe sahani, ukuta umechanika, kolajeni iko wazi, na kazi ni ile ile: shika, amka, shikaneni. Kizibo kinajengwa mahali ambapo damu inatakiwa kupita. Kinaweza kuufunga mshipa hapo hapo, au kipande kinaweza kumeguka, kikapelekwa na damu hadi kwenye mshipa mwembamba zaidi wa ubongo, na kukwama. Kwa upande ule wa ubongo, maji yamefungwa kwenye bomba.

Kazi mbaya haiishii hapo. Chembe sahani zilizoamka zinaendelea kuita chembe nyingine pamoja na chembe nyeupe za damu, na zinaweza kuziba vijishipa vidogo zaidi nyuma ya bonge lile la kwanza. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya baadhi ya wagonjwa wasipone vizuri hata mshipa mkubwa ukifunguliwa tena.

Jambo moja la kuzingatia: wingi wa chembe sahani na tabia yake ni vitu viwili tofauti. Majibu yako yanaweza kuonyesha PLT ya kawaida kabisa, na bado ukawa hatarini, kwa sababu chembe zako zinaamka upesi mno. Uvutaji wa sigara na kisukari vinazifanya ziwe na tabia hiyo. Kwa hiyo usitulie kwa kuwa "damu yangu ilipimwa ikaonekana nzuri". Uliza pia presha yako ni ngapi na sukari yako ni ngapi.

Mabonge mengine hayaanzii kwenye mishipa ya shingo bali ndani ya moyo, hasa moyo unaodunda bila mpangilio au wenye vali zilizoharibika. Mabonge hayo yana fibrini nyingi zaidi, na dawa yake huwa ni nyingine, si aspirini peke yake. Ndiyo maana dawa ya jirani yako aliyepata kiharusi inaweza isikufae wewe, hata kama mdomo wenu ulikwenda upande ule ule.

Aspirini inafanya nini hasa?

Watu husema aspirini "inafanya damu iwe nyepesi" au "inayeyusha damu". Kwa kweli haiyeyushi bonge lililokwisha kuziba mshipa. Inachofanya ni kuzizuia chembe sahani kutengeneza tromboksani, ile kemikali ya kuita wenzake. Mwanasayansi Mwingereza John Vane aligundua mwaka 1971 jinsi aspirini inavyozuia kemikali za namna hii, na mwaka 1982 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel.

Chembe sahani iliyokutana na aspirini hairudii hali yake ya awali. Inabaki hivyo hadi mwisho wa maisha yake, siku 7 hadi 10. Kwa hiyo hata kidonge kidogo kina nguvu ya siku nyingi.

Faida yake kwa kiharusi cha kuziba imethibitishwa. Mwaka 1997 yalitangazwa matokeo ya majaribio mawili makubwa, moja la nchi nyingi na jingine la China, yaliyohusisha wagonjwa karibu 40,000 kwa jumla. Aspirini ilipoanzwa ndani ya masaa 48 ya kwanza ilipunguza vifo na viharusi vya kurudia: kwa kila wagonjwa 1,000, takriban 9 waliepushwa katika wiki za mwanzo. Namba ni ndogo, lakini dawa ni ya bei nafuu na watu ni wengi, kwa hiyo ni maisha mengi.

Sasa geuza mkono. Kama mama yule wa Nyarutarama ana kiharusi cha kuvuja, mshipa wake umepasuka. Wakati huo anazihitaji chembe sahani zake kuliko siku nyingine yoyote, ziende zikazibe tundu. Ukimpa aspirini, umewafunga walinzi mikono wakati mwizi yuko ndani. Na huwezi kuiondoa dawa hiyo mwilini kwa kumpa maji au kumtapisha.

Na kama ana kiharusi cha kuziba? Bado, kuchelewa kwa saa moja ili apigwe picha kwanza hakumnyimi faida ya aspirini, kwa sababu hospitali itampa. Isitoshe, mtu aliyepata kiharusi mara nyingi hawezi kumeza vizuri, na kidonge au maji yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Kwa hiyo sheria ni fupi: picha kwanza, aspirini baadaye, na mwenye kuitoa ni daktari.

Ufanye nini badala yake?

Tambua dalili kwa maneno manne: uso, mkono, maneno, muda.

- Uso. Mwambie atabasamu. Je, upande mmoja wa mdomo umelegea?
- Mkono. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele. Je, mmoja unashuka au hauinuki?
- Maneno. Mwambie arudie sentensi rahisi, kwa mfano "Leo mvua imenyesha". Je, inatoka imevurugika, au haelewi unachosema?
- Muda. Ukiona hata dalili moja iliyoanza ghafla, piga simu mara moja.

Dalili nyingine ni kupoteza uwezo wa kuona ghafla, kizunguzungu kikali na kushindwa kutembea, au maumivu makali ya kichwa ambayo hajawahi kuyapata.

Kisha fanya hivi:

1. Piga 912. Ndiyo namba ya ambulansi nchini Rwanda. Sema "AVC" au "kiharusi", sema dalili ulizoziona, na eleza mahali mlipo kwa alama zinazojulikana. Kama huongei Kinyarwanda vizuri, mpe simu jirani anayekiongea. Ni wakati wa kuomba msaada bila aibu.
2. Andika saa. Dalili zilianza saa ngapi? Kama aliamka nazo, alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi? Daktari atakuuliza hili kabla ya mengine mengi.
3. Mlaze kwa ubavu kama anatapika au ana usingizi mzito. Legeza nguo za shingoni.
4. Usimpe chochote kinywani. Si maji, si maziwa, si uji, si aspirini. Usimwongezee kidonge cha presha pia: presha ikishushwa ghafla wakati mshipa umeziba, sehemu ya ubongo inayopigania uhai inapata damu kidogo zaidi.
5. Beba dawa zake zote pamoja na kitambulisho na kadi yake ya bima. Kama kila siku anakunywa aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mwambie daktari mapema.
6. Usimpandishe pikipiki mtu aliyelegea upande mmoja. Anaweza kuanguka. Kama ambulansi inachelewa, uliza kwa simu kama mnaweza kutumia gari.

Kutoka Nyarutarama, Hospitali ya King Faisal iko karibu, upande wa Kacyiru. Zipo pia CHUK na hospitali ya kijeshi iliyoko Kanombe. Zote ni hospitali kubwa zenye mashine ya CT. Waache wahudumu wa 912 waamue mgonjwa aende wapi. Ukiwa katika kambi ya Mahama, Kiziba, Kigeme, Mugombwa au Nyabiheke, mpeleke moja kwa moja kwenye kituo cha afya cha kambi, hata usiku, ili apewe rufaa. Usisubiri siku ya kliniki.

Kwa nini haraka hivi? Watafiti wamekadiria kwamba katika kiharusi cha kuziba cha mshipa mkubwa, mgonjwa hupoteza wastani wa seli milioni 1.9 za ubongo kila dakika. Ipo dawa ya kuyeyusha bonge, tofauti na aspirini, lakini inatakiwa itolewe ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na baada ya picha tu. Si kila hospitali inayo. Lakini hata pasipokuwa na dawa hiyo, mgonjwa aliyefika mapema anaangaliwa presha, sukari, kumeza na kupumua, na mambo hayo peke yake huokoa watu.

Na vipi kuhusu kurogwa au kulishwa sumu? Hatuko hapa kumdharau mtu kwa imani yake. Kiharusi huja ghafla kwa mtu aliyekuwa mzima dakika moja iliyopita, na ni kawaida watu kutafuta nani aliyefanya. Maombi na ushauri wa wazee vinaweza kufanyika mgonjwa akiwa kitandani hospitalini. Masaa yaliyopotea nyumbani hayarudishwi.

Kiharusi kinachopita: usidanganyike

Wakati mwingine mdomo unakwenda upande, mkono unakufa ganzi, halafu baada ya dakika kumi au nusu saa kila kitu kinarudi sawa. Familia inamshukuru Mungu na kurudi kazini.

Kilichotokea ni kwamba bonge dogo la chembe sahani lilikwama, kisha likavunjika lenyewe. Lakini mahali lilipotoka bado pana kidonda, na chembe bado zimeamka. Hatari ya kupata kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika siku chache zinazofuata, hasa siku mbili za kwanza. Mtu huyu lazima aonwe hospitalini siku hiyo hiyo, ingawa anatembea na kucheka. Hapa ndipo dawa za kutuliza chembe sahani hufanya kazi nzuri sana, zikianzwa na daktari kwa wakati.

Umepona kiharusi: dawa zako za kila siku

Kama ulipata kiharusi cha kuziba na daktari amekupa aspirini ya dozi ndogo, au klopidogreli, au zote mbili kwa wiki chache, zingatia haya:

- Usiache ghafla. Kila siku uboho wako unatoa chembe sahani mpya ambazo hazijaguswa na dawa. Baada ya siku kadhaa bila kidonge, walinzi wengi ni wapya na wana nguvu zao zote. Ukihama, ukisafiri, au dawa ikikaribia kwisha, nenda kituo cha afya kabla haijaisha.
- Angalia dawa za maumivu. Ibuprofeni inaweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake kwenye chembe sahani, na dawa za aina hii zikichanganywa huongeza hatari ya kutoka damu tumboni. Kabla ya kununua dawa ya mgongo au ya magoti, mwambie mfamasia kwamba unakunywa aspirini.
- Rudi hospitali haraka ukiona choo cheusi kama lami, ukitapika damu, au ukipata maumivu makali ya kichwa.
- Usimgawie mtu dawa yako. Na mtoto au kijana aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini bila daktari, kwa sababu inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ini na ubongo.
- Aspirini haichukui nafasi ya dawa ya presha. Ikiwa umeandikiwa zote mbili, unahitaji zote mbili.

"Mimi ni mzima. Nianze aspirini ili nijikinge?"

Hapana, si bila kuambiwa na daktari. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofuata wazee wapatao 19,000 wa Australia na Marekani waliokuwa hawajawahi kupata ugonjwa wa moyo wala kiharusi. Waliokunywa aspirini kila siku hawakupata kinga ya maana, lakini walitokwa na damu nyingi zaidi kuliko wenzao. Kumzubaisha mlinzi katika nyumba ambayo haijavamiwa kuna gharama yake.

Kinga ya kweli ni kutunza ukuta wa mshipa, ili chembe sahani zisipate sababu ya kuamka. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 32, Uganda ikiwemo, ulionyesha kwamba mambo kumi yanayoweza kurekebishwa yanahusika na takriban asilimia 90 ya hatari ya kiharusi. La kwanza kwa uzito ni presha. Mengine ni pamoja na sigara, kisukari, kutofanya mazoezi, chakula, pombe nyingi, msongo wa mawazo na magonjwa ya moyo.

Presha haina dalili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kuwa wanayo. Ikiwa vipimo vyako vinarudia kuonyesha 140/90 au zaidi, unahitaji kuonwa na mhudumu wa afya. Na usidhani ni ugonjwa wa wazee au wa matajiri wenye magari. Kijana anayekosa usingizi kwa mawazo ya waliobaki nyumbani, mama anayekula chumvi nyingi kwa sababu ndiyo kiungo pekee alichonacho, hao pia wana mishipa.

Mambo yasiyo na gharama kubwa unayoweza kuanza nayo wiki hii:

- Pima presha. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukiwa Kigali, tumia Jumapili zisizo na magari. Mpango huo ulianza mwaka 2016 na sasa hufanyika Jumapili mbili kila mwezi: barabara kadhaa zinafungwa asubuhi, watu wanatembea na kukimbia, na wahudumu wa afya hupima presha na sukari bila malipo. Ni ya kila mtu, mkimbizi na mwenyeji.
- Punguza chumvi. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kasoro ya kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyomo kwenye vipande vya supu.
- Acha sigara. Chembe sahani zinaanza kutulia mara unapoacha.
- Tembea. Vilima vya Kigali ni mazoezi tosha.
- Angalia bima yako. Mwaka 2019 serikali ya Rwanda na UNHCR walikubaliana kuwaingiza wakimbizi wanaoishi mijini, pamoja na wanafunzi, katika Mutuelle de Santé. Hakikisha jina lako limo na kadi yako inafanya kazi sasa, si siku ambayo mgonjwa yuko getini.

Turudi kwa mama yule

Ndoo imeanguka, mdomo umekwenda upande, na wa nne amesimama na aspirini mkononi. Usimfokee, maana anataka kusaidia. Mwambie: "Dawa yako inaweza kumfaa, au inaweza kummaliza. Hakuna hapa anayejua ni ipi. Tusaidie kupiga 912, na uandike saa."

Msomee makala hii mtu mmoja asiyejua kusoma. Mfundishe mtoto wako namba 912 na yale maneno manne: uso, mkono, maneno, muda. Siku ikifika, huenda ndiye atakayekuwa nyumbani nawe.

*Makala hii ni ya elimu na haichukui nafasi ya daktari. Ukiwa na swali kuhusu dawa zako, muulize mhudumu wa kituo chako cha afya au mhudumu wa afya wa jamii katika eneo lako.*